Kibubu, Mchezo, SACCO au Akiba ya Kufungwa Kwenye Simu: Kipi Kitauzuia Mkono Wako?

Mtu aliyezoea kumaliza mshahara kabla ya tarehe kumi hahitaji kuelezwa kwamba kuweka akiba ni jambo jema. Analijua hilo, na huenda amemweleza mdogo wake kwa ufasaha kuliko nitakavyolieleza mimi hapa. Kinachomshinda ni saa moja mahususi, ile ambayo pesa ziko karibu, sababu ya kuzitumia imesimama mlangoni, na baina ya viwili hivyo hakuna kizuizi chochote. Kwa hiyo ulinganisho huu hauulizi ni njia ipi inayozalisha faida kubwa zaidi. Unauliza ni njia ipi inayoweza kusimama katikati ya mtu na pesa zake katika saa hiyo, na inamgharimu nini kusimama hapo.

Nimechukua njia nne ambazo mkazi wa Mombasa mwenye kitambulisho na simu anaweza kuzianza bila safari ndefu: kibubu cha nyumbani pamoja na bahasha, mchezo wa pesa unaochezwa na majirani au wafanyakazi wenza, SACCO, na akiba ya kufungwa kwenye simu.

Kwanza, pesa zako hupotelea wapi?

Tundu la kwanza ni mkono wenyewe. Tangu M-Pesa ianze mwaka 2007, pesa zimeacha kukaa mfukoni na kukaa kwenye kitu ambacho mtu hukishika tangu anapoamka hadi anapolala, na jambo lililohitaji kutembea hadi dukani sasa linamalizika kitandani saa tano za usiku. Mia mbili za hapa na mia tatu za pale hazimuumi mtu kwa kuwa hazionekani zikitoka.

Tundu la pili ni haya, yaani aibu ya kukataa. Harusi ya mtoto wa jirani ina mchango, kisha ina sare ya leso, kisha ina usafiri wa kumsindikiza bibi harusi, na anayekataa huonekana amejitenga. Wengi wanaodhani hawana nidhamu ya pesa wana tatizo jingine kabisa: hawana jibu la kumpa shangazi anayepiga simu akijua kwamba mshahara umeingia jana.

Tundu la tatu ni msimu. Wafanyakazi wa hoteli za pwani hushiba Desemba na Agosti, kisha masika yanapoingia Aprili baadhi yao huambiwa wakae nyumbani hadi wageni warudi. Mvuvi naye huvua vizuri wakati wa kaskazi na hubaki ufuoni siku nyingi kusi inapochafua bahari. Pesa za mtu wa msimu huja kwa fungu, na fungu humfanya ajione tajiri kwa wiki sita za mwaka.

La nne ni deni linaloziba deni. Fuliza, iliyoanza Januari 2019, humwezesha mtu kulipa hata pale salio lake lisipotosha, na pesa zozote zinazoingia baadaye hukatwa kwanza kulipia deni hilo. Anayeishi hivyo hupokea mapato ambayo tayari yamekwisha kuliwa.

Tundu hili la nne nalitenga na mengine, kwa kuwa hakuna njia yoyote kati ya nne tunazolinganisha inayofaa kuanzwa kwa nguvu zote kabla halijapunguzwa. Mkopo wa M-Shwari, huduma ya akiba na mikopo kwenye simu, umekuwa ukitozwa ada ya asilimia 7.5 kwa siku 30, bila kuhesabu ushuru unaoongezwa juu ya ada, maana yake mkopo wa shilingi 10,000 hugharimu shilingi 750 kwa mwezi mmoja. Mkopo kama huo ukichukuliwa SACCO kwa riba ya asilimia 1 kwa mwezi inayohesabiwa juu ya deni lililobaki, na ukalipwa kwa miezi kumi kwa mafungu sawa ya shilingi 1,000 pamoja na riba, utagharimu shilingi 550 kwa miezi yote kumi. Hakuna akiba ya kawaida inayoleta faida ya kuweza kufuta pengo hilo. Anayeweka mia tano kwenye kibubu huku akidaiwa kwenye simu anajipa moyo tu, ingawa sidharau moyo, asizidishe.

Vigezo vya kulinganishia

Nitaiuliza kila njia maswali matano yaleyale. Je, kizuizi chake ni kigumu kiasi gani kwa mtu aliyekwisha kushawishika kutumia? Nani anaona, na kuonekana huko kunamsaidia mwekaji au kunamfichua? Inagharimu nini na inarudisha nini? Mwezi mbaya ukija, inafanyaje? Na kwa kuwa wengi wetu hapa ni Waislamu, suala la riba liko wapi? Uzito wa maswali haya si sawa. Lile la mwezi mbaya ndilo huua mipango mingi, kwa hiyo nitalikazia.

Kibubu na bahasha

Kizuizi cha kibubu ni dhaifu, na hakuna haja ya kuficha hilo: ni kipande cha bati au mbao, na nyundo iko jikoni. Hata hivyo udhaifu huo haumaanishi kwamba hakifanyi kazi. Watafiti Pascaline Dupas na Jonathan Robinson walijaribu njia kadhaa za kuweka akiba ya afya magharibi mwa Kenya, na katika matokeo waliyochapisha mwaka 2013 walionyesha kwamba kumpa mtu mahali salama pa kuweka pesa, bila sharti jingine, kulitosha kuongeza akiba hiyo kwa asilimia 66. Kuzifungia pesa hizo kwa kusudi moja tu kulisaidia pale zilipokuwa za dharura, au pale mwekaji alipokuwa mtu wa kuombwaombwa na jamaa na marafiki. Nilipolisoma hilo mara ya kwanza nililiona dogo, kisha nikaona ndilo jambo lenyewe: mwenye tundu la mkono na mwenye tundu la haya hawatibiwi kwa dawa moja.

Kinachofanya kibubu kifae ni kwamba pesa zikishaingia humo hubadilika jina. Haziitwi tena pesa, zinaitwa karo, au kodi, au mtaji, na mtu hujisikia vibaya kula kitu chenye jina. Bahasha hufanya vivyo hivyo kwa uwazi zaidi, na ndiyo maana naipendekeza hasa kwa wenye biashara ndogo. Mama anayeuza viazi karai jioni hujidhuru kwa njia moja kubwa, nayo ni kula mtaji bila kujua, kwa sababu pesa za viazi na unga wa kesho zimechanganyika na faida ya leo ndani ya kitambaa kimoja. Bahasha mbili humwonyesha tofauti kabla hajalala. Wanaolipwa kwa simu wanaweza kupata mgawanyo wa namna hiyo kwa kutumia Pochi la Biashara, ambako malipo ya wateja hukaa kando na pesa za nyumbani.

Anayeona ni wa nyumbani pekee, na hilo lina pande mbili: shangazi hajui, lakini mume au mtoto anajua. Gharama ni ndogo na marejesho ni sifuri, tena mfumuko wa bei hupunguza kilichomo mwaka baada ya mwaka. Mwezi mbaya ukija, pesa ziko chini ya kitanda, na hakuna atakayekutoza chochote. Riba haipo. Hatari iliyobaki ni mwizi na moto, kwa hiyo kiasi kinachokaa humo kisizidi kile ambacho ukikipoteza utalia siku moja na kuendelea.

Kinamfaa anayepata pesa za kila siku kwa noti na sarafu, na anayeanza kabisa. Hakimfai mwenye fungu kubwa la msimu.

Mchezo

Mchezo ni rahisi kueleza: watu kumi wanaotoa shilingi 500 kila wiki humpa mmoja wao shilingi 5,000, kwa zamu, hadi wote wapate. Kwa hesabu hakuna aliyezalisha kitu. Anayepata zamu ya kwanza amekopeshwa na wenzake bila riba, wa mwisho amewekewa akiba, na wa katikati amefanya vyote viwili nusu nusu. Utafiti ule niliotaja uliona kwamba mipango ya kikundi ilikuwa na athari kubwa sana, na yeyote aliyewahi kuingia katika mchezo wa akina mama anajua sababu. Mtu anaweza kujivunjia ahadi yake mwenyewe mara kumi asione haya, lakini kusimama mbele ya Mama fulani Ijumaa bila mia tano ni jambo jingine.

Kwa hiyo kizuizi hapa ni kigumu sana upande wa kuweka. Upande wa kupokea hakipo kabisa. Elfu tano zinaingia kwa mkupuo, kila mtu anajua kwamba wiki hii ni zamu yako, na wale tuliosema hupiga simu wanaanza kupiga. Mchezo humlinda mtu dhidi ya mkono wake na kumweka wazi kwa wanaomuomba. Ninaowaona wakifaidika hasa ni wale ambao zamu yao ina kazi kabla haijafika: mashine ya kushona, karo ya muhula, mabati. Asiye na kusudi hugeuza zamu kuwa sherehe, na baadhi ya michezo imejigeuza sherehe yenyewe, ambako sare na chakula cha mkutano hula sehemu ya kile kilichokusudiwa kuwekwa.

Gharama ya kawaida haipo, na kwa kuwa hakuna nyongeza juu ya kilichotolewa, Waislamu wengi huingia bila wasiwasi. Gharama ya hatari ipo. Niliwahi kucheza na kundi ambalo aliyepokea zamu ya pili alihama mtaa kabla ya wiki ya nne, nasi tuliobaki tukalazimika ama kuziba pengo lake au kuvunja mchezo. Tuliziba. Tangu hapo huuliza mambo mawili kabla sijaingia: nani anamfahamu kila mmoja hadi kwao, na zamu za mwanzo wanapewa nani. Kundi linalotaka kuweka pesa nyingi kwa muda mrefu linaweza kujisajili chini ya sheria ya usajili wa makundi ya kijamii ya mwaka 2022, likawa na katiba, viongozi na akaunti ya benki, ingawa kwa mchezo wa watu kumi wa mtaa mmoja hilo naliona ni kumvisha mtoto kanzu ya babu.

Mwezi mbaya ndipo mchezo hupasuka. Ukiugua wiki ya sita, mia tano zako hazisubiri, na wengi hukopa kwenye simu ili wasiaibike, jambo linalorudisha tundu la nne kupitia mlango wa nyuma. Michezo mizuri hukubaliana tangu mwanzo jinsi mtu anavyoweza kubadilishana zamu au kuombewa wiki mbili.

SACCO

SACCO ni chama cha ushirika cha akiba na mikopo, na zile zinazopokea amana kutoka kwa wanachama husimamiwa na mamlaka ya SASRA chini ya sheria ya mwaka 2008. Uzuri wake kwa mtu anayejihujumu ni kwamba makato hufanyika kabla mshahara haujamfikia. Mwalimu, mfanyakazi wa bandari au wa hoteli aliyesaini makato miaka mitano iliyopita hana saa ya kushawishika, kwa sababu pesa hizo hajawahi kuziona. Akiba nayo haitolewi kidogo kidogo. Kwa kawaida anayeitaka hulazimika kujiondoa uanachama na kusubiri, mara nyingi siku 60. Kati ya njia zote nne, hapa ndipo kizuizi kilipo kigumu kuliko kwingine.

Kuonekana ni kwa wastani: mwajiri na ofisi wanajua, majirani hawajui. Marejesho ni gawio na riba ya akiba inayotangazwa mwishoni mwa mwaka wa fedha, na juu yake kuna haki ya kukopa, kwa kawaida hadi mara tatu ya akiba, kwa kuwekewa dhamana na wanachama wengine.

Hapo kwenye mara tatu ndipo tabia ya zamani huvaa suti. Mwenye akiba ya shilingi 60,000 huambiwa anaweza kuchukua 180,000, na kwa kuwa anaweza, anachukua, halafu hutafuta baadaye cha kufanyia. Udhamini nao huamsha tundu la haya. Mwenzako wa kazini hukuletea fomu wakati wa chai, unatia saini ili usionekane una roho mbaya, na akishindwa kulipa, akiba yako ndiyo inayofuatwa. Ningemshauri kila anayejiunga aamue mapema idadi ya watu atakaowadhamini maishani mwake katika chama hicho, awe na jibu lililo tayari kabla fomu haijafika.

Mwezi mbaya SACCO husaidia kwa mkopo wa dharura, ila si wa saa hiyohiyo kila mara, na aliyepoteza kazi hukuta makato yamekatika na mkopo ungali unadai. Kuhusu riba, mikopo ya kawaida ina riba iliyo wazi. Zipo SACCO zinazojiendesha kwa kanuni za sharia, na anayejali ataulizia hilo kabla ya kujaza fomu. Vilevile ahakikishe kwamba inayopokea amana ina leseni ya mwaka husika.

Akiba ya kufungwa kwenye simu

M-Shwari ilianza Novemba 2012 kwa ushirikiano wa Safaricom na benki iliyoitwa wakati huo Commercial Bank of Africa, ambayo tangu 2019 ni sehemu ya NCBA. Ndani yake kuna akiba ya kufunga: mtu huchagua kiasi na muda, na pesa zinakaa huko hadi siku ifike. Anayetaka kufungua mapema hutoa taarifa na husubiri kama saa 48. Siku mbili si nyingi, lakini zinazidi umri wa tamaa nyingi. Viatu vilivyokuwa lazima Alhamisi usiku, Jumamosi mchana havikumbukwi.

Sifa yake kubwa kwa Mombasa, kwa maoni yangu, ni usiri. Hakuna anayejua, na mtu anaweza kusema "zimefungwa hadi Januari" bila kudanganya. Pesa zenyewe ziko benki, kwa hiyo zinaingia chini ya kinga ya amana ambayo kikomo chake ni shilingi 500,000 kwa kila mwekaji katika benki moja. Faida ipo, nayo ni riba. Mwislamu asiyeitaka atazungumza na shehe wake, au atatazama benki zinazofuata sharia, kama Gulf African Bank iliyoanza 2008.

Nchini Ufilipino, akaunti za namna hii zilipojaribiwa, ni takriban asilimia 28 tu ya walioelezwa kuzihusu waliozikubali. Lakini kundi lililopewa nafasi hiyo liliongeza akiba kwa kiasi kikubwa baada ya mwaka mmoja likilinganishwa na lisilopewa. Kufuli humsaidia anayekiri kwamba analihitaji, na wengi wetu hatupendi kukiri.

Udhaifu wake ni wa ujenzi. Chumba cha akiba na chumba cha mkopo viko ndani ya nyumba moja, milango yake inatazamana. Mtu hufunga elfu tatu hadi Desemba, akabanwa Oktoba, na badala ya kusubiri siku mbili anakopa elfu mbili kwa asilimia 7.5 hapohapo, huku pesa zake zikiwa zimelala upande wa pili wa ukuta. Mwezi mbaya basi humgharimu kuliko aliyevunja kibubu.

Wengine huuliza kuhusu mifuko ya soko la fedha, ambako pesa za wengi huwekezwa kwa pamoja, inayosimamiwa na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji. Marejesho yake kwa kawaida hupita ya akiba ya simu, faida hukatwa kodi ya asilimia 15, na kwa iliyo mingi kutoa huchukua siku chache za kazi. Ni mahali pazuri pa pesa za mtu ambaye tayari haziibi.

Kulingana na hali yako

Ukiwa na deni la simu linalokukata kila pesa ziingiapo, weka kibubu kidogo cha dharura ili usikope upya, na kila kinachozidi kiende kwenye deni hilo hadi liishe. Mchezo usiuanze bado, ila ukipewa zamu ya mwanzo na ukaitumia yote kulipia deni.

Ukiwa mwajiriwa wa mshahara wa mwezi na tatizo lako ni mkono, makato ya SACCO yanakufaa kuliko nia njema. Ukiwa na mshahara huohuo lakini tatizo ni haya, gawanya: sehemu SACCO, sehemu kwenye akiba ya kufungwa, na bahasha moja ya michango yenye kiasi cha mwezi mzima. Bahasha ikiisha tarehe 12, umemaliza kuchangia hadi mwezi ujao, na unaweza kusema hivyo kwa uso mkunjufu.

Ukiwa unapata pesa kila siku sokoni Kongowea, kwenye tuktuki au kwa kibarua, bahasha za biashara zitangulie, kisha mchezo wa watu unaowafahamu, wenye kiasi ambacho hata siku ya mvua unaweza kukitoa.

Ukiwa mtu wa msimu, fungu la Desemba ligawanywe kabla ya Januari kwisha katika kufuli tatu au nne zinazofunguka mwezi mmoja mmoja kuanzia Aprili, ili kila mwezi wa masika upokee kitu kinachofanana na mshahara. Kufuli moja linalofunguka Aprili lote kwa pamoja litakurudisha palepale ulipotoka.

Na ikiwa pesa zako hunywewa na kubeti, hakuna kati ya njia hizi nne iliyojengwa kwa ajili hiyo, kwa kuwa anayekimbiza hasara huzisubiri saa 48 za kufuli, na kibubu hukivunja usiku huohuo. Hapo inabidi mapato yenyewe yapite kwa mtu mwingine kwanza, mke, mama au kaka unayemwamini, kwa miezi mitatu au zaidi, akikupa nauli na chakula tu, huku akaunti za kubeti zikifungwa na yeye akishuhudia.